"Não vi alguém": kutafuta chanzo cha makosa ya viwakilishi visivyo dhahiri vya Kireno

Tatizo huletwa hivi. Mwanafunzi amejaza mapengo yote ya zoezi bila kosa. Kesho yake unamwambia aandike aya fupi kuhusu Jumamosi yake, na daftari linarudi na "Não vi alguém", "todos alunos", "estudo cada dia", "muitas cansadas". Mzazi anauliza kama mtoto anafanya mzaha. Hafanyi mzaha. Zoezi la mapengo ndilo lililomficha: maneno ya kuchagua yalipangwa juu ya ukurasa, na kazi yake ilikuwa kuondoa yasiyofaa mpaka libaki moja. Kwenye aya hakuna orodha, kwa hiyo anatafuta neno kwa kupitia lugha alizonazo tayari.

Nazo anazo kadhaa. Hapa Nairobi Kireno si somo la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Anayekisoma ana safari yake. Mama amehamishiwa kazi Maputo, baba ana mkataba Luanda, au mwenyewe ameazimia kusomea Brazil. Kitabu chake kimechapwa Lisbon, video anazotazama kwenye simu ni za São Paulo, na kichwani mna Kiswahili, Kiingereza cha shule, na labda Kikamba au Kidholuo cha nyumbani. Karibu kila kosa la viwakilishi hivi, yaani maneno yasiyotaja mtu au kitu mahususi kama "yeyote", "chochote", "-ote" na "kila", lina asili yake humo. Ndiyo maana sipendi tiba ya "afanye mazoezi zaidi". Mazoezi ya aina gani, na ya kutibu nini?

Kabla ya kutibu chochote, chukua sampuli. Mwambie mwanafunzi aandike nusu ukurasa kuhusu siku ambayo mambo yote yalikwenda mrama: stima imepotea, mfereji umekauka, matatu hazisimami, rafiki hapokei simu. Usimpe orodha ya maneno. Habari kama hiyo haisimuliki kwa Kireno bila "ninguém", "nada", "nenhum", "tudo" na "todos", kwa hiyo kosa litajitokeza lenyewe. Lizungushie duara, kisha litafute hapa chini.

Dalili: "Não vi alguém", "Não comprei algo"

Hili ndilo kosa kubwa, na lina wazazi wawili.

Mzazi wa kwanza ni Kiswahili. Sisi tunakanusha ndani ya kitenzi: "sikumwona mtu yeyote". Neno "yeyote" halijui kama sentensi imekanushwa. Ni lilelile la "mtu yeyote anaweza kuingia". Hatuna neno moja, lenye ukanushi ndani yake, la kusimama mahali pa mtu au kitu. Kireno kinayo matatu ya kila siku: "ninguém" kwa watu, "nada" kwa vitu na mambo, na "nenhum" au "nenhuma" linaloambatana na nomino. Mwanafunzi anayetafsiri "yeyote" huangukia "alguém" (mtu fulani), au huandika "Não falei com qualquer pessoa", ambayo msomaji anaweza kuielewa kuwa hukuzungumza na mtu wa hivi hivi tu. (Ureno utasikia "não tenho qualquer dúvida", yaani sina shaka yoyote, na ni matumizi ya kawaida kule. Lakini usimwanzishie mwanafunzi hapo.)

Mzazi wa pili ni Kiingereza cha darasani. Tangu shule ya msingi mtoto ameambiwa kwamba vikanushi viwili katika sentensi moja ni aibu. Akifika kwenye "Não vi ninguém" anaona viwili, anashtuka, anafuta kimoja. Mwanafunzi mwenye alama nzuri za Kiingereza ndiye anayeugua zaidi hapa.

Tiba ni kumwondoa kwenye kuhesabu vikanushi na kumpeleka kwenye nafasi. Weka kidole kwenye kitenzi, tazama kushoto. Kireno kinadai kikanushi kimoja kiwe kushoto kwa kitenzi. Kama "ninguém", "nada" au "nenhum" tayari iko kushoto, basi, yatosha. Kama iko kulia, lazima "não", neno la kukanusha kitenzi, ije kukaa kushoto.

Ninguém chegou. / Não chegou ninguém.
Nada funciona nesta casa. / Não funciona nada nesta casa.
Nenhum matatu parou. / Não parou nenhum matatu.

Kila jozi ina maana moja: hakuna aliyefika, hakuna kinachofanya kazi katika nyumba hii, hakuna matatu iliyosimama. (Ukiwa Maputo, badala ya matatu sema "chapa": "nenhum chapa parou".) Zoezi lenye faida hapa ni kupindua sentensi kutoka umbo moja hadi jingine kwa mdomo, haraka haraka. Dakika tano za kupindua zinashinda kurasa mbili za mapengo, kwa sababu mwanafunzi analazimika kuiona "não" ikija na kuondoka.

Jihadhari na athari za dawa. Siku chache baadaye utaanza kuona "Ninguém não chegou". Huyu amekariri kwamba vikanushi viwili ni ruhusa na sasa anavimwaga kila mahali. Mrudishe kwenye kidole: kushoto kumejaa tayari, "não" inatafuta nini?

Neno "sem", yaani bila, nalo lina nguvu ya kikanushi. Baada yake hufuata "nada", "ninguém", "nenhum": "Saiu de casa sem dizer nada a ninguém", alitoka nyumbani bila kumwambia mtu yeyote chochote. Sentensi hiyo moja ikimkaa mwanafunzi mdomoni, nusu ya kazi imekwisha.

Kuna mahali ambapo "alguém" na "não" vinakaa pamoja kihalali, na usipomwonyesha atafikiri umemdanganya. Makanga amehesabu nauli na imepungua. Anapaza sauti: "Alguém não pagou!" Kuna mtu hajalipa. Hiyo ni sahihi kabisa, na si sawa na "Ninguém pagou", hakuna aliyelipa. Tofauti hii Kiswahili kinaionyesha vizuri: ukiweza kuanza na "kuna mtu", tumia "alguém", ukianza na "hakuna", tumia "ninguém". Mwambie apitishe sentensi yake kwenye "kuna" na "hakuna" kabla ya kuandika.

Dalili: "Tudos chegaram", "tudo as coisas", "todo está bem"

Sehemu ya chanzo iko sikioni. "O" ya mwisho wa neno, isiyokaziwa, hutamkwa kama "u". Kwa hiyo "todo" husikika "todu" na "tudo" husikika "tudu". Tofauti yote imebaki kwenye irabu ya kwanza, na mwanafunzi anayejifunza kwa video huipoteza kwa urahisi. Mpe imla: msomee maneno hayo mawili yaliyochanganywa ndani ya sentensi, aandike alichosikia. Ukikuta hatofautishi, tibu sikio kabla ya sarufi.

Kama sikio ni zima, chanzo ni "-ote". Kiswahili kinasema vyote, yote, zote, wote, kila ngeli na chake. Kireno kina "tudo", lisilobadilika hata kidogo, kwa vitu na mambo kwa ujumla: "Tudo está bem", yote ni sawa. Halifuatwi na nomino. Linaweza kufuatwa na "isto", "isso", "aquilo" au "o que": "tudo o que comprei", vyote nilivyonunua. Watu si "tudo". Watu ni "todos". Na "tudos" halipo.

"Todo" ndilo linaloambatana na nomino na kubadilika: todo, toda, todos, todas. Hapa Kiswahili, kilichokuwa kikituponza, kinageuka msaada. Nchi yote ni "todo o país", nchi zote ni "todos os países". Darasa lote ni "toda a turma", madarasa yote ni "todas as turmas". Umoja ni kitu kizima, wingi ni idadi kamili, kama tunavyofanya sisi.

Kinachokosekana kwetu ni vile vineno "o", "a", "os", "as". Hatuna kitu cha namna hiyo, kwa hiyo "wanafunzi wote" huzaa "todos alunos". Ni "todos os alunos". Nimekuta hata wanafunzi wa miaka kadhaa wakiliacha hilo "os" njiani. Dawa yake ni kufundisha "todososalunos" kama neno moja refu, mdomo ukizoea ndipo mkono utafuata.

Dalili: "Estudo cada dia"

Mwanafunzi amepewa orodha inayosema "cada" ni kila. Si uongo, ila ni nusu ya habari. "Kila" yetu inafanya kazi mbili: kutaja mazoea, na kuchukua vitu kimoja kimoja. "Cada" huelekea hiyo ya pili. "Cada aluno trouxe o seu caderno", kila mwanafunzi alikuja na daftari lake, mmoja mmoja. Kwa mazoea Kireno hutumia "todos" na wingi: "Estudo todos os dias", "Vou ao mercado todos os sábados".

Ambaye amelelewa na video za Brazil ataandika "todo dia", na kwa Brazil hiyo ni sahihi: kila siku. Lakini "todo o dia", yenye "o" katikati, ni siku nzima. Ureno, na Msumbiji inayofuata kanuni za Ureno, watu huandika "todos os dias" kwa kila siku. Ushauri wangu ni kutumia "todos os dias" kwa mazoea na "o dia todo" kwa siku nzima. Maumbo hayo mawili yanaeleweka kote na hayamtii mtu mashakani.

"Kila mtu anajua" vilevile haianzi na "cada". Maputo na Lisbon husema "Toda a gente sabe". Brazil husema "Todo mundo sabe". Kitenzi ni cha umoja katika zote mbili. "Toda a gente sabem" ni kosa la anayefikiria "watu wote wanajua" huku akiandika "kila mtu".

Mengine ya "cada" ni madogo. Halina wingi wala jinsia, halisimami peke yake katika maandishi ya shule ("cinquenta xelins cada um", shilingi hamsini kila moja, usiishie kwenye "cada"), na "kila baada ya siku mbili" ni "de dois em dois dias" kwa Wareno, "a cada dois dias" kwa Wabrazili.

Dalili: "As alunas estão muitas cansadas"

Mwanafunzi ameambiwa "muito" hubadilika, akalibadilisha. Ni mtiifu, tatizo ni kwamba kuna "muito" mbili. Walimu wengi hapa huingia kwenye somo refu la vielezi. Hakuna haja. Kwa anayejua Kiswahili, uliza swali moja: hapa ungesema "-ingi" au ungesema "sana"?

Wanafunzi wengi: "muitas alunas". Ni "-ingi", linabadilika. Wamechoka sana: "muito cansadas". Ni "sana", na "sana" haijawahi kubadilika tangu uzaliwe. Jaribio hilohilo linatibu "pouco" ("-chache" au "kidogo"?) na "bastante": "comprei bastantes mangas", nilinunua maembe mengi, "estou bastante cansado", nimechoka sana. Sioni sababu ya kutafuta kanuni nyingine.

"Menos", yaani pungufu, peke yake ni ubishi mtupu: halibadiliki kamwe, hata mbele ya nomino ya kike. "Menos água", "menos pessoas". Ukisikia mtu mtaani Brazil akisema "menas", msikilize lakini usimwige kwenye mtihani.

Dalili: "Outros vieram, outros não vieram"

"Wengine walikuja, wengine hawakuja." Kwetu neno moja limebeba wale baadhi na wale waliobaki. Kireno hulipasua: "Alguns vieram, outros não", au "Uns vieram, outros não". "Outros" huhitaji kundi lililotajwa kwanza. Kwa hiyo "watu wengine hawapendi pilipili", ukimaanisha kuna watu wasioipenda, ni "algumas pessoas não gostam de piripíri". Ukiandika "outras pessoas" msomaji atageuka nyuma kutafuta hao wa kwanza ni akina nani. Jaribio: weka "baadhi ya". Ikikubali, ni "alguns" au "algumas".

Na "baadhi ya wanafunzi hawa" usiiandike "alguns de os". "De" na "os" huungana: "alguns dos". "Em" na "outro" pia mara nyingi huwa "noutro" katika Kireno cha Ureno.

Dalili: "Algum bateu à porta", "Ninguém dos alunos sabe"

"Alguém" na "ninguém" ni watu tu, na husimama peke yake. "Algum" na "nenhum" huhitaji nomino, au "de" na kundi. Kwa hiyo "Alguém bateu à porta", mtu alibisha hodi, lakini "Nenhum dos alunos sabe". Angalia kitenzi: "sabe", umoja, hata kama wanafunzi wamejaa ukumbi. Alama ya mkazo juu ya "é" katika "alguém" na "ninguém" ni lazima.

Dalili: "Ninguém disse-me"

Kitabu cha Ureno kimemfundisha "disse-me", aliniambia, na ni sahihi katika sentensi ya kawaida. Lakini viwakilishi visivyo dhahiri vikitangulia kitenzi huvuta hicho kineno kije mbele: "Ninguém me disse", "Alguém me disse", "Todos me disseram", "Tudo me parece fácil". Mwanafunzi wa video za Brazil hapati taabu hapa kwa sababu yeye hutanguliza "me" karibu kila mahali.

Dalili: neno sahihi, maana imepinduka

Maneno matatu hubadili tabia yakivuka nomino. "Certo dia" ni siku moja fulani. "A resposta certa" ni jibu sahihi. "Qualquer aluno" ni mwanafunzi yeyote. "Um aluno qualquer" ni mwanafunzi wa hivi hivi tu. Nalo "algum" ndilo la hatari: "algum problema" ni tatizo fulani, "problema algum" katika sentensi iliyokanushwa ni hakuna tatizo hata moja. "Não tenho dúvida alguma", sina shaka hata chembe. Wingi wa "qualquer", kwa kuwa utaulizwa, ni "quaisquer". Hubadilika katikati, si mwishoni.

Dalili: jibu ni sahihi lakini jina la aina ya neno limekosolewa

Hapa mwanafunzi hana ugonjwa. Vitabu vya Brazil huita "algum" katika "algum aluno" kuwa "pronome indefinido", yaani kiwakilishi kisicho dhahiri. Vitabu vya shule vya Ureno siku hizi huliita "quantificador", na "certo" na "outro" mbele ya nomino huitwa "determinante indefinido". Jina la "pronome" huachiwa neno linalosimama bila nomino. Ukipakua mazoezi ya Brazil na kusahihisha kwa kitabu cha Ureno, mtamaliza jioni mkibishana bure. Chagueni kitabu kimoja kwa ajili ya majina, mazoezi yatoke popote.

Sentensi za kupimia

Atafsiri bila orodha ya maneno, na kila ya kukanusha aipindue inapowezekana.

1. Hakuna aliyeniambia chochote.
2. Kuna mtu hajarudisha kamusi.
3. Baadhi ya wanafunzi walikuja kwa miguu, wengine kwa matatu.
4. Wanafunzi wote wa kike wamechoka sana.
5. Nilikaa nyumbani siku nzima.
6. Hakuna hata mmoja wa wanafunzi hawa anayejua jibu.
7. Kila mtu ana daftari lake.
8. Aliondoka bila kumuaga mtu yeyote.

Majibu:

1. Ninguém me disse nada. Ina mitego miwili: "me" imekuja mbele, na "nada" iko kulia bila "não" kwa sababu "ninguém" imeshika kushoto.
2. Alguém não devolveu o dicionário.
3. Alguns alunos vieram a pé, outros de matatu.
4. Todas as alunas estão muito cansadas.
5. Fiquei em casa o dia todo.
6. Nenhum destes alunos sabe a resposta. Ikipinduliwa: Não sabe a resposta nenhum destes alunos. Ni sahihi lakini nzito, usimlazimishe.
7. Cada um tem o seu caderno. Hapa "cada" ina haki yake, maana tunawahesabu mmoja mmoja.
8. Saiu sem se despedir de ninguém. Akiandika "de alguém", mrudishe kwenye dalili ya kwanza, aya ya "sem", na asiendelee na nyingine mpaka aisome kwa sauti.